Hiyo Jamii ni Sisi au ni Wale?

Swali hilo niliulizwa na mama mmoja katika kijiji cha Wilaya ya Bahi, chini ya mbuyu, miaka kadhaa iliyopita. Nilikuwa mkalimani wa watu wa mradi wa maji. Kiongozi wa msafara alizungumza kwa Kiingereza, na neno "community" lilimtoka mara nyingi hata nikaacha kuhesabu. Kila lilipotoka nililidaka na kulitua kwa Kiswahili bila kufikiri: jamii. Jamii itachangia. Jamii itachagua kamati. Jamii italinda miundombinu. Jamii itaamua bei ya ndoo.

Mama akanyoosha mkono, akatusalimu kwa "mbukwenyi" kama ilivyo desturi ya Wagogo, halafu akasema: "Samahani mwanangu, hiyo jamii mnayoitaja tangu asubuhi, ni sisi tuliokaa hapa au ni wale wa ng'ambo ya korongo? Maana wale hawajaja."

Nikamtafsiria kiongozi. Akajibu kwamba ni community yote. Nami nikamgeukia mama nikasema, jamii yote. Akakaa. Swali lake lilikuwa sahihi kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, na halikupata jibu, na neno lililolizima nililitamka mimi.

Mwaka uliofuata nilirudi na wenzangu kufuatilia. Gati mbili za kuchotea maji zilikuwa zinafanya kazi upande wa ofisi ya kijiji. Watu wa ng'ambo ya korongo walikuwa wamegoma kulipia, wakasema hawakushirikishwa, na kweli hawakushirikishwa. Ripoti niliyopewa niitafsiri ilisema jamii ilikubali kuchangia uendeshaji lakini "mwamko wa jamii bado ni mdogo". Neno lilikuwa moja katika sentensi moja, na lilisimama kwa watu wa aina mbili. Waliokubali walikuwa watu wa upande huu. Waliolaumiwa kwa kukosa mwamko walikuwa wa upande ule. Msomaji wa ripoti, akiwa ofisini kwake mbali na Bahi, angedhani ni watu walewale waliosema ndiyo halafu wakageuka.

Tangu hapo nimekuwa nikilichunguza neno hili kila linapopita mezani kwangu, na hapa Dodoma linapita kila siku. Ndiyo kazi ya mji wetu tangu Serikali ilipohamia: nyaraka huingia kwa Kiingereza, hupita mikononi mwa wafasiri, hutoka kwenda vijijini kwa Kiswahili.

Kiingereza chenyewe hakina msimamo juu ya neno hili. Lilifika huko kutoka Kilatini kwa njia ya Kifaransa, na ndani ya mzizi wake wa Kilatini, communis, mna neno munus, yaani wajibu, ile huduma ambayo mtu anawiwa na wenzake. Waliohesabiwa pamoja walihesabiwa kwa sababu walibeba mzigo mmoja. Siku hizi mzigo huo hauonekani. Wasomali wa London ni community. Wafanyabiashara ni community. Watu wanaocheza mchezo mmoja wa kompyuta, huyu yuko Toronto na yule yuko Manila, wasiojuana hata majina, ni community. Mataifa yanapoitwa kulaani vita huitwa community ya kimataifa, hata kama baadhi yao ndio wanaouza silaha za vita hivyo. Mgonjwa wa akili akiruhusiwa kutoka hospitali akatunzwa nyumbani, Waingereza husema anahudumiwa katika community, na hapo maana yake imebaki kuwa mahali popote pasipo hospitali.

Mwaka 1955 mwanasosholojia wa Marekani, George Hillery, alikusanya maana 94 ambazo wataalamu wenzake walikuwa wamelipa neno hilo. Akazilinganisha ili aone zinakubaliana wapi. Jambo pekee alilolikuta katika zote ni kwamba zilihusu watu. Miaka 21 baadaye, Raymond Williams wa Wales akaona jambo la pili ambalo kwangu ni zito zaidi: tofauti na maneno mengine ya makundi, kama vile dola au taifa, neno hili halielekei kutumiwa kwa ubaya kamwe. Linasifu kabla halijaeleza. Ukisema mradi ni wa serikali, watu watauliza maswali. Ukisema ni wa community, hakuna wa kukupinga, maana nani atasimama kuwapinga watu?

Neno la namna hiyo, lenye maana 94 na sifa njema ya kudumu, ndilo tulilolipokea. Tukalivika vazi la jamii. Lakini jamii nayo ilikuwa imeshabeba mizigo mingine.

Angalia maneno ya ofisini. Afya ya jamii, hapo tunamaanisha afya ya umma. Ustawi wa jamii, maarifa ya jamii, mitandao ya jamii, hayo yote kwa Kiingereza yana neno lingine. TASAF kwa jina lake la Kiingereza haitaji community popote, lakini kwa Kiswahili ni Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Hata adhabu ya mahakama ya kufagia uwanja wa hospitali badala ya kifungo inaitwa huduma kwa jamii. Na upo mfano ambao sijui wenzangu wanaupitaje bila kushtuka: hifadhi ya jamii. Kwa mtumishi anayesubiri kustaafu, hayo ni mafao yake ya uzeeni. Kwa mwanakijiji anayepakana na pori, hifadhi ya jamii ni eneo la wanyamapori ambalo vijiji vimelitenga. Tembo na pensheni vimelala katika maneno mawili yaleyale.

Silaumu lugha. Kila lugha ina maneno yenye kubeba mengi, na mzungumzaji hutegua kwa muktadha. Kinachonisumbua ni kwamba Kiswahili kilikuwa na njia yake, nzuri mno, ya kutaja makundi ya watu, na tunaiacha.

Njia hiyo ni kiambishi wa-. Wafugaji. Wakulima. Watumia maji. Wazazi. Wapangaji. Wanakijiji. Kiswahili hakihitaji jina la dhahania ili kukusanya watu. Kinamtaja mtu kwa analofanya au anapokaa, kisha kinamweka katika wingi. Na kwa kuwa ni ngeli ya watu, papo hapo mlango wa maswali unafunguka. Ukiniambia wanakijiji wamekubali, nitakuuliza wangapi, nitakuuliza wepi. Ukiniambia jamii imekubali, nimuulize nani? Jamii inafuata ngeli ya vitu. Imekubali, kama mashine inavyowaka. Nikikuuliza "jamii ngapi" nimetoka nje ya mada kabisa. Yule mama wa Bahi alilazimika kuvunja sarufi ili apate jibu: alitaka "hiyo jamii" igeuke kuwa "sisi" au "wale", maana hapo tu ndipo angejua nani ataamka alfajiri kuchimba mtaro.

Siku hizi nasikia "jamii ya wafugaji" hata pale ambapo "wafugaji" ingetosha, na "jamii ya wafanyabiashara" kwa watu ambao sokoni Majengo wanaitwa wafanyabiashara tu. Kinachoongezwa na lile neno la mbele ni heshima ya uongo. Kinachopunguzwa ni watu.

Kiswahili kina pia jumuiya, ndugu wa jamii kwa mzizi wa Kiarabu wa kukusanya, ule uliotupa pia jamaa na Ijumaa. Jumuiya ina daftari. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi wanachama nane. Somalia iliingia mwaka 2024, na kabla ya hapo haikuwemo. Jumuiya ile ya awali ilipovunjika mwaka 1977 kila mtu alijua imevunjika. Kwa Wakatoliki zipo jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele mwaka 1976: nyumba za jirani hukutana kila wiki, kuna mwenyekiti, kuna mhazini, na ukikosa mara tatu utaulizwa hali. Ukifiwa, wanakuja. Hapo mtu anajua yumo au hayumo. Katika jamii ya kwenye ripoti hakuna anayejua kama yumo mpaka siku ya kuchangia.

Watu wa maji walikuwa na neno zuri, jumuiya ya watumia maji. Lilisema ni nani na kwa nini wamekutana. Kisha ikaja Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, iliyoanzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, na pamoja nayo vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Kiutendaji yapo mazuri ndani yake, kama vile kuajiri mafundi na wahasibu wenye sifa, na sina ugomvi na hilo. Nazungumzia jina. Watumia maji wameondoka katika jina, na jamii imegeuka kuwa ngazi. Sasa tunayo ngazi ya taifa, ya mkoa, ya halmashauri, ya kata, na ngazi ya jamii, ile ya chini kabisa inayokanyagwa kwanza. Waziri anapofungua bomba nyumbani kwake mtaa wa Mlimwa, je, hayumo katika jamii? Kwa Kiingereza cha nyaraka, community karibu kila mara ni ya watu maskini. Sijawahi kutafsiri waraka uliomtaja mkurugenzi kama mwanajamii.

Wageni wengi wanaokuja na neno hili hudhani kwamba kijiji cha Dodoma ni kundi la asili, watu walioishi pamoja tangu enzi, wenye mila moja na sauti moja. Nimekuwa nikiwaeleza historia hii na inafaa tuikumbushane sisi pia. Wagogo hawakuishi vijijini kwa maana hii ya leo. Waliishi katika kaya zilizotawanyika, kila kaya na tembe lake la paa bapa la udongo, ng'ombe wakilala uani, mashamba yakizunguka. Walikuwa na watemi, ambao walitegemewa pia kuiombea nchi mvua. Walikuwa na majirani wa kusaidiana kulima, na pombe ya mtama ikawa shukrani. Lakini safu ya nyumba kando ya barabara, na ofisi katikati, ilikuja na Operesheni Dodoma, ile ya kuhamishia watu katika vijiji vya ujamaa, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mwalimu Nyerere mwenyewe akishiriki kazi pale Chamwino. Mwaka 1975 ikapitishwa sheria ya vijiji, na kijiji kilitakiwa kiwe na kaya zisizopungua 250 ili kiandikishwe.

Kwa hiyo kijiji chetu ni kitu cha sheria, chenye umri wa watu ambao bado wako hai. Koo ambazo hazikuwahi kuwa jirani zilipangiwa viwanja vilivyopakana. Wengine walirudi kwenye mashamba yao ya zamani hali ilipolegea, na ndio mara nyingi wale wa ng'ambo ya korongo. Mimi sioni aibu katika hilo. Kijiji cha sheria kina faida kubwa: kina mipaka, na kina mkutano mkuu ambao kwa sheria ya mwaka 1982 ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, kama mdhamini, na mdhamini anaweza kushtakiwa. Jamii haiwezi kushtakiwa, wala haina mhuri.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliona tofauti hii. Inatenganisha msitu wa hifadhi wa kijiji, ambao ni wa wanakijiji wote, na msitu wa hifadhi wa jamii, ambao ni wa kikundi cha watu waliokubaliwa ndani ya kijiji. Yaani kwa sheria hiyo jamii ni ndogo kuliko kijiji! Nimeona semina nzima ikipotea kwa sababu nusu ya washiriki waliisoma kinyume, wakadhani msitu wa jamii ndio wa watu wote.

Kondoa inatufundisha zaidi kuliko semina. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kwa sababu milima ya Kondoa ilikuwa imeliwa na makorongo mpaka ikabaki mifupa. Mwaka 1979 ikaamuliwa mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika. Ardhi ilipona, na atakayepita leo ataona kijani pale palipokuwa pekundu. Je, jamii ya Kondoa ilifaidika? Aliyekuwa na shamba bondeni alipata udongo mzuri uliotulia. Aliyekuwa na ng'ombe alihama nao kwenda nyanda za tambarare, au aliwauza, au alibaki bila maziwa kwa miaka. Wote walikuwa Wakondoa. Ukiandika "jamii ilifaidika" hujasema uongo, na ukiandika "jamii iliumia" hujasema uongo pia, na hapo ndipo ninapopaona ubaya wa neno: halikubali kukosolewa na jambo lolote lililotokea.

Kuhusu bima nitasema kwa kifupi. Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, kwa jina ni wa jamii, lakini kiutendaji uliandikisha kaya: katika mfumo ulioboreshwa ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Kaya ni neno lenye masharti, unaweza kulihesabu, na kwa hiyo watu waliweza kulibishia. Mzee mmoja wa Mpwapwa aliniuliza, kaya yake ina wake wawili na kila mke ana nyumba yake na watoto wake, je, huyo mtu wa saba ni wa kaya ya nani? Kwa Kigogo kaya ni boma zima. Kwa watu wa takwimu ni wanaokula chungu kimoja. Huo ni ubishi wenye faida, kwa sababu unaweza kumalizwa mezani, mtu akaandikwa, kadi ikatoka.

Najua kuna pingamizi. Kuna mahali neno pana linahitajika. Kipindupindu kikiingia Chang'ombe hakiulizi nani ni mpangaji, nani ni mwenye nyumba na nani amelala kwa shemeji yake. Hapo afisa afya akisema jamii, namuunga mkono, maana anataka asibaki mtu nje. Na daftari nalo lina ukatili wake. Likiandikwa na watu wa upande mmoja, mjane anayeishi kwa watoto wa kaka yake hayumo, na Mbarbaigi aliyefika na ng'ombe wake baada ya masika hayumo. Nimeyaona hayo. Hata hivyo aliyeachwa nje ya daftari anaweza kuja na ushahidi kwamba jina lake halipo. Aliyeachwa nje ya "jamii" hana cha kuonyesha, kwa kuwa kwenye karatasi yumo.

Mtaani kwetu, Ilazo, tumetoka kila pembe ya nchi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 3,085,625 katika Mkoa wa Dodoma, na katika mitaa mipya ya jiji ni kawaida jirani yako wa kulia awe Mhaya na wa kushoto Mmakonde. Hatukuwa jamii kwa maana yoyote kati ya zile 94. Kilichotuunganisha ni msiba wa mtoto wa dereva mmoja, ambapo tulikuta hakuna anayejua nani aite gari wala nani apike. Baada ya arobaini tukaunda kikundi cha kufa na kuzikana. Kina daftari, kiingilio, na kanuni moja iliyojadiliwa kwa Jumapili mbili mfululizo: mpangaji akihama, wanachama watamzika kwa miezi mingapi zaidi? Tulikubaliana mitatu. Hakuna mtu aliyetamka jamii kwenye vikao vile. Tulisema sisi, wao, wapangaji, wenye nyumba, akina mama wa jikoni, vijana wa kuchimba.

Wiki hii nimeletewa fomu nyingine ya mradi, ya mabirika ya kunyweshea mifugo. Kuna mstari unaotaka mchango wa community, na mbele yake nafasi ndogo ya kujaza kiasi. Nimeutafsiri hivi: "Mchango wa wanakijiji: vitongoji vipi, kaya ngapi, wafugaji wangapi, na ni akina nani ambao hawakufika mkutanoni." Imerudishwa jana pamoja na maelekezo kwamba nifupishe, maandishi hayaenei kwenye jedwali. Nitawaandikia leo kuwaomba wapanue jedwali.